Wajina watatu: Michael Jordan yupi wa kumfuata?

Kijana mmoja niliyekuwa namsaidia kuandaa hotuba ya wasifu aliniletea kurasa mbili alizoziandika kwa mkono. Humo Michael Jordan alizaliwa mwaka 1963, akatwaa ubingwa wa NBA mara sita, akawa profesa wa takwimu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na sasa anaigiza na kuongoza filamu za ndondi. Nilizisoma mara mbili. Kila sentensi ilikuwa ya kweli kwa Michael Jordan fulani, ila hakuna mtu hata mmoja duniani aliyeishi maisha hayo yote. Nilipomweleza kwamba amewashona watu watatu wakawa mmoja, hakuona haya wala hakukasirika. Aliuliza tu: "Sasa nimchukue yupi?"

Swali hilo lilinikaa. Siku ile nilimjibu harakaharaka kwamba amchukue anayempenda, na jibu lile halikumfaa kitu, kwa sababu alikuwa hajawajua kiasi cha kumpenda mmoja na kumwacha mwingine. Haya ndiyo ningemwambia leo, na ndiyo ninayomwambia yeyote anayetaka kumsoma Michael Jordan mmoja kwa undani: mwanafunzi mwenye kazi ya wasifu, mzazi anayemtafutia mwanawe mtu wa kumwiga, au mtu mzima aliyekwama kazini na anahitaji maisha ya mwenzake ayatazame.

Kwanza tuwatenganishe

Herufi ya katikati ndiyo ufunguo. Michael Jeffrey Jordan, yule wa mpira wa kikapu, alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 17 Februari 1963, akakulia Wilmington, North Carolina. Michael Irwin Jordan, ambaye kwenye machapisho huandikwa Michael I. Jordan, ni mkubwa wao kwa umri: alizaliwa Louisiana tarehe 25 Februari 1956, naye ni mwanasayansi wa kompyuta na takwimu. Wa tatu ni Michael B. Jordan, mwigizaji, aliyezaliwa Santa Ana, California, tarehe 9 Februari 1987 na kulelewa Newark, New Jersey. Wote ni wa Februari, kwa hiyo anayenakili tarehe mbiombio ana kila sababu ya kuzichanganya.

Ile B ni Bakari. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa jina hilo, na nakiri kwamba nilipolijua mara ya kwanza nilimtazama mwigizaji huyu kwa jicho jingine, kama mtu aliyegundua kuwa jirani yake ni ndugu wa mbali. Michael Jordan ni jina alilolirithi kwa baba yake mzazi. Bakari ndilo lake mwenyewe, na herufi yake ya kwanza ndiyo imemtofautisha na jina kubwa kuliko yote katika mchezo wa kikapu.

Kigezo changu cha kuwalinganisha si umaarufu wala fedha. Ukishindanisha umaarufu, mchezaji anashinda kabla hujamaliza swali. Nauliza hivi: ukiondoa kipaji, ambacho hakiazimwi, maisha ya mtu huyu yamebakiza nini ambacho mimi na wewe tunaweza kukichukua tukakitumia?

Mchezaji: usianzie kwenye vikombe

Wengi humchagua mchezaji bila kufikiri mara mbili, na si kwamba hawana hoja. Alitwaa ubingwa mwaka 1991, 1992, 1993, 1996, 1997 na 1998, na mara zote sita yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa fainali. Wastani wake wa pointi 30.12 kwa mechi katika msimu wa kawaida ndio mkubwa kuliko wote katika historia ya NBA. Ana medali mbili za dhahabu za Olimpiki, ya 1984 na ya 1992.

Lakini vikombe havimfundishi mtu kitu. Ukimchagua huyu, nakusihi uanzie miaka ya kabla ya vikombe, ile ambayo watu huipita mbio. Mwaka 1984, timu za NBA zilipopokezana zamu kuchagua wachezaji wapya, timu mbili zilimruka: Houston ilimchukua Hakeem Olajuwon, Portland ikamchukua Sam Bowie, ndipo Chicago Bulls ikampata Jordan akiwa wa tatu. Msimu wake wa pili alivunjika mguu baada ya mechi tatu tu na kukosa sehemu kubwa ya msimu. Aliporejea, tarehe 20 Aprili 1986, aliifunga Boston Celtics pointi 63 ugenini katika mechi ya mtoano. Watu wanazikumbuka hizo 63. Wachache wanakumbuka kwamba Bulls ilifungwa mechi ile baada ya nyongeza mbili za muda, na ikatolewa bila kushinda hata mechi moja katika raundi ile. Msimu uliofuata alifunga wastani wa pointi 37.1 kwa mechi, na Bulls ikatolewa tena na Boston ileile, tena bila ushindi wowote. Kisha ikaja Detroit Pistons, ikamtoa mwaka 1988, ikamtoa 1989, ikamtoa 1990. Pistons walikuwa wakimkumbatia, wakimgonga, wakimwangusha kila alipokaribia kikapu.

Hapo ndipo pana somo. Alikuwa mfungaji bora wa ligi mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka alikuwa akimaliza msimu mikono mitupu. Mambo mawili yalibadilika. Alianza kuinua vyuma kwa mpango maalumu pamoja na mkufunzi Tim Grover, ili mwili uhimili vipigo vya Detroit. Na mwaka 1989 Phil Jackson alipokuwa kocha mkuu, Bulls ilishika mfumo wa pembetatu uliosukwa na msaidizi wake Tex Winter, mfumo unaomtaka nyota auachie mpira. Kwa mtu aliyezoea kuimaliza mechi peke yake, hilo lilikuwa gumu kuliko vyuma. Katika mechi ya mwisho ya fainali za 1991 dhidi ya Los Angeles Lakers, ulinzi wote ulipomkimbilia yeye, aliutoa mpira kwa John Paxson aliyekuwa wazi, akautoa tena, na tena. Paxson akamaliza na pointi 20, na ubingwa wa kwanza ukapatikana hivyo.

Kuna hesabu moja ninayopenda kuwapa vijana waifanye wenyewe. Ukiacha mitupo ya adhabu, katika misimu yake yote ya kawaida Jordan alirusha mpira kikapuni mara 24,537, ukaingia mara 12,192. Toa. Utapata 12,345, yaani alikosa mara nyingi zaidi kuliko alivyofunga. Namba hiyo, kwa kupangika kwake moja mbili tatu nne tano, haisahauliki ukishaipata kwa mkono wako.

Sasa upande mwingine, kwa sababu anayechagua mtu wa kumfuata anastahili kumwona mzima. Moto uliomsukuma Jordan ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, kinyongo. Akiwa kidato cha pili shuleni Laney alipangwa timu ya wadogo, na nafasi ya timu kubwa ikaenda kwa rafiki yake Leroy Smith aliyekuwa mrefu zaidi. Mwaka 2009, alipoingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima akiwa na miaka 46 na kila tuzo kabatini, bado alilitaja jambo hilo jukwaani, akaendelea kuwataja waliowahi kumtilia shaka, mmoja baada ya mwingine. Niliisikiliza hotuba ile nikiwa na huzuni. Kinyongo kilimfikisha mbali, lakini sijaona kwamba kilimwacha apumzike.

Na kuna mwaka 1990, pale Harvey Gantt, mgombea mweusi, alipowania useneta wa North Carolina dhidi ya Jesse Helms, na Jordan akakataa kumuunga mkono hadharani. Baadaye alibadilika: mwaka 2020 yeye na chapa yake ya Jordan waliahidi dola milioni 100 kwa miaka 10 kwa ajili ya usawa wa rangi. Ukimchukua kuwa mfano, chukua vyote viwili.

Ujasiri wake naona kilele chake ni mwaka 1994, ingawa watu wengi huuona mwaka huo kama aibu. Baba yake, James, aliuawa mwaka 1993. Oktoba mwaka huohuo Jordan aliacha kikapu, na mwaka uliofuata akaenda kucheza besiboli katika timu ya daraja la chini, Birmingham Barons, mchezo ambao baba yake aliupenda. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .202, yaani akifanikiwa mara moja kwa kila tano. Mtu bora duniani katika mchezo mmoja alikubali kuwa mwanafunzi mzito mbele ya umati katika mchezo mwingine, akipanda basi na vijana. Machi 1995 alirudi kwenye kikapu.

Profesa: yule ambaye wengi hawakumtafuta

Huyu ndiye nitakayekaa naye zaidi, kwa sababu wenzake wawili hawahitaji mtu wa kuwasemea.

Michael I. Jordan hakunyooka moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Shahada yake ya kwanza, mwaka 1978, ni ya saikolojia, kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Ya pili, 1980, ni ya hisabati, kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Udaktari wake, 1985, ni wa sayansi ya utambuzi, kutoka Chuo Kikuu cha California, San Diego, chini ya David Rumelhart. Alifundisha MIT kwa miaka kumi, 1988 hadi 1998, kisha akahamia Berkeley na kuwa na kiti katika idara mbili, ya uhandisi wa umeme na kompyuta na ya takwimu. Kijana anayeambiwa kila siku kwamba kubadilisha fani ni kupoteza muda aisome aya hii kwa sauti mbele ya anayemwambia.

Mwaka 1986 alipendekeza aina ya mtandao wa neva, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano, ambamo jibu la mashine hurudishwa ndani yake, ili hatua inayofuata ianze ikikumbuka iliyopita. Mpaka leo mitandao ya namna hiyo huitwa kwa jina lake. Kisha, kinyume na desturi ya watafiti wengi, hakung'ang'ania pale. Alizama katika takwimu, katika swali la namna ya kufikiri vizuri pale ambapo huna uhakika.

Kazi yake inayofikika kwa urahisi zaidi ni ile ya 2003 aliyoifanya na David Blei na Andrew Ng, waliokuwa wanafunzi wake. Fikiria una maelfu ya makala na hakuna aliyezipanga kwa mada. Mfumo wao unachukulia kwamba kila makala ni mchanganyiko wa mada kadhaa, na kila mada ni mchanganyiko wa maneno yenye uzito tofauti. Makala moja inaweza kuwa robo siasa na robo tatu afya. Kutokana na maneno peke yake, mashine inarudi nyuma kukisia mada zilizoyazaa, bila mtu kuiambia mada hizo zinaitwaje. Wanajenetiki walikuwa wamefikia wazo la jinsi hiyohiyo mwaka 2000, wakichambua mchanganyiko wa asili za watu katika vinasaba.

Chapisho lile lilitoka kwenye jarida lisilomlipisha msomaji, na nyuma yake kuna kisa. Mwaka 2001 wahariri arobaini wa jarida moja kubwa la ujifunzaji wa mashine walijiuzulu kwa barua ya pamoja, Jordan akiwa miongoni mwao. Walisema utafiti wao unapaswa kumfikia kila mtu, si wale tu wenye maktaba zenye uwezo wa kulipa. Wakaliunga mkono jarida jipya la wazi. Ndiyo maana leo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua kazi ile ya 2003 na kuisoma bila kutoa hata senti.

Halafu kuna watu. Katika kikapu tunahesabu vikombe. Kwa profesa nahesabu aliowalea. Andrew Ng, aliyewafikia mamilioni kwa masomo ya mtandaoni, alifanya udaktari chini yake. David Blei vilevile. Zoubin Ghahramani naye, na Yoshua Bengio, aliyekuja kushinda Tuzo ya Turing ya 2018, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, alipitia kwake MIT akiwa mtafiti kijana. Kila mmoja wao alikwenda njia yake, na wengine walikwenda njia ambazo mwalimu wao mwenyewe alizitilia shaka hadharani. Mimi naona hiyo ni sifa ya juu kabisa kwa mwalimu.

Mwaka 2016 jarida la Science liliandika habari ya zana mpya inayopima ushawishi wa watafiti, likauliza kwenye kichwa cha habari ni nani Michael Jordan wa sayansi ya kompyuta. Zana ikatoa jibu: Michael Jordan.

Lakini ukitaka kumjua mtu huyu, soma kisa alichokisimulia mwaka 2018. Mke wake alikuwa mjamzito, na kwenye picha ya ultrasaundi mtaalamu wa jenetiki aliona vidoa vyeupe kuzunguka moyo wa mtoto. Akawaambia hiyo ni dalili ya hali ya Down, ambayo mtoto huzaliwa nayo na huchelewesha ukuaji wa akili, na kwamba uwezekano sasa ni mmoja kwa ishirini. Njia ya kujua kwa hakika ilikuwa kuingiza sindano na kuvuta maji yanayomzunguka mtoto, na kipimo hicho chenyewe kilikuwa na hatari ya kuua kijusi, karibu mara moja katika kila mia tatu. Jordan hakubisha wala hakukubali. Alikwenda kutafuta namba zile zimetoka wapi. Akakuta zimetokana na utafiti uliofanywa Uingereza miaka kama kumi kabla, kwa mashine zenye picha hafifu kuliko ile iliyompima mke wake. Mashine mpya ilikuwa inaonyesha vidoa ambavyo mashine ya zamani isingeviona kabisa, yaani sehemu ya vile vidoa ilikuwa chenga za picha tu. Aliporudi kumweleza mtaalamu, yule mama alishtuka: kumbe ndiyo maana walianza kupata majibu mengi ya Down miaka michache nyuma, tangu mashine mpya ilipofika. Hawakufanya kipimo cha sindano. Miezi michache baadaye alizaliwa mtoto wa kike mwenye afya.

Kilichomsumbua ni wale wengine: wazazi wangapi, siku ileile na mahali pengi, walipewa namba ileile wakaikubali? Tangu hapo amekuwa akisisitiza kwamba kazi kubwa ya akili mnemba si kuiga ubongo wa binadamu, bali ni kujenga mifumo ambamo data inabeba historia yake, ili anayeitumia ajue ilitoka wapi na inafaa wapi.

Kasoro ya kumchagua huyu ni kwamba anadai kazi. Filamu ya maisha yake usitarajie, na tukio la kusisimua la kuanzia hotuba halipo. Atakayemfuata lazima aguse hisabati kidogo. Mtoto wa miaka kumi na miwili atachoka naye, na si kosa la mtoto.

Mwigizaji: mtu aliyekua ndani ya jina la mwingine

Alipozaliwa Bakari, Februari 1987, yule wa Chicago alikuwa katikati ya msimu wake wa pointi 37.1. Hebu fikiria kuwa mtoto wa shule katika miaka ya tisini ukiitwa Michael Jordan. Naye alicheza kikapu shuleni, Newark, na ameeleza kwenye mahojiano kwamba kutaniwa kwa ajili ya jina kulimfanya atake kuwa bora kwa chochote atakachokifanya. Wengine wangelibadilisha jina. Yeye aliweka B, akaendelea.

Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, aliigiza Wallace katika tamthilia ya The Wire, mvulana muuza dawa za kulevya anayewalea watoto wadogo wa mtaani na mwishowe kuuawa na marafiki zake mwenyewe. Aliyeiona sehemu ile haisahau. Watu wengi hudhani nyota ilimwakia hapo. Haikumwakia. Ilifuata miaka kadhaa ya tamthilia ndefu ya mchana, kisha tamthilia ya vijana wa mpira wa Marekani, kazi za kulipa kodi ya nyumba na kukaza ufundi. Ilichukua miaka 11 hadi alipopewa filamu ya kuibeba mwenyewe: Fruitvale Station ya 2013, kuhusu Oscar Grant, kijana aliyepigwa risasi na polisi wa treni Oakland alfajiri ya tarehe 1 Januari 2009. Mwongozaji wake, Ryan Coogler, naye ndiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza.

Kwangu mimi, ushirikiano wa hao wawili ndio moyo wa maisha ya kazi ya Bakari. Mwaka 2015 ulikuwa mtihani. Agosti alionekana kwenye filamu ya mashujaa wanne iliyoanguka vibaya sokoni na kwa wahakiki. Novemba mwaka huohuo ikatoka Creed, yeye na Coogler tena, akiwa Adonis, mtoto wa bondia mashuhuri ambaye hataki kupanda kwa jina la baba yake. Sidhani kuna nafasi iliyomkaa zaidi: mtu anayeitwa Michael Jordan akimwigiza mtu anayepigana na ukubwa wa jina lake mwenyewe. Mwaka 2018, katika Black Panther, alikuwa Killmonger, adui ambaye watazamaji wengi walitoka wakisema malalamiko yake yalikuwa ya haki. Mwaka 2023 aliongoza Creed III mwenyewe, ikiwa kazi yake ya kwanza ya uongozaji, na mwaka 2025 akarudi kwa Coogler na kuigiza mapacha wawili katika filamu moja.

Nyuma ya kamera ana kampuni yake ya utayarishaji, Outlier Society, ambayo mwaka 2018 ilitangaza kwamba miradi yake itakuwa na sharti la kimkataba la kuajiri watu wa aina zote, mbele na nyuma ya kamera. Na jina? Katika filamu moja ya kikapu ya 2021, wachezaji wanaahidiwa kwamba Michael Jordan ameletwa kuwaokoa, na anayeingia mlangoni ni Bakari. Aliyewahi kutaniwa kwa jina hilo utotoni alisimama pale akacheka nao.

Tahadhari moja: huyu bado yumo njiani. Wasifu wake unaandikwa kwa penseli.

Wakiwekwa pamoja

Katika kushindwa, mchezaji anafaa zaidi kusomwa, kwa sababu kushindwa kwake kuna namba na tarehe na kila mtu aliona. Tena kushindwa huko hakukuishia uwanjani. Alipokuwa mmiliki mkuu wa timu ya Charlotte, 2010 hadi 2023, msimu wa 2011-12 timu yake ilishinda mechi 7 na kupoteza 59, kiwango kibaya kuliko chote katika historia ya ligi. Kujua kucheza hakukumpa kujua kumiliki.

Katika kusubiri, Bakari hana mpinzani kati ya hawa. Katika kukuza wengine, profesa anawaacha mbali wenzake wote. Fedha sitaizungumzia sana: mchezaji ni bilionea kwa sababu ya viatu kuliko mishahara, na mkataba wa viatu wa 1984 na Nike unastahili kusomwa na yeyote anayejifunza biashara ya majina. Ila hakuna hata mmoja wetu atakayeurudia.

Kwa mtoto anayeanza mchezo wowote na analia akifungwa, chukua mchezaji, miaka 1984 hadi 1991, na umfungie vikombe vingine kwa muda. Kwa kijana wa sanaa, au yeyote anayebeba jina la baba, kaka au mtu maarufu na anahisi halimtoshi au linamzidi, chukua Bakari, kuanzia Wallace hadi Adonis. Kwa mwalimu, mtafiti, mwanafunzi wa chuo aliyehama fani, au mtu anayepewa namba hospitalini au kazini na kuambiwa aamue leoleo, chukua profesa.

Ukinibana nitaje mmoja kwa wote, nitataja profesa, na sitasitasita. Kuruka kama Jeffrey siwezi, na sura ya Bakari sina. Lakini swali alilouliza mume yule kuhusu vidoa vyeupe, namba hii imetoka wapi na mashine gani iliipima, naweza kuliuliza kesho asubuhi.

Ukitafuta mtandaoni, usiandike jina tupu. Andika "Michael I. Jordan Berkeley", au "Michael B. Jordan" pamoja na jina la filamu, au "Michael Jordan Bulls" na mwaka unaoutaka. Kabla hujanakili tarehe ya kuzaliwa, tazama mwaka: 1956, 1963 au 1987. Kwa mchezaji, anza na ile mechi ya pointi 63 na uitazame mpaka mwisho, hadi Boston wanaposhangilia. Kwa mwigizaji, anza na Wallace. Kwa profesa, fungua chapisho la 2003 na usome utangulizi tu, kabla ya milinganyo kuanza. Kurasa zake za mwanzo zimeandikwa kwa lugha ambayo mwanafunzi mvumilivu anaifuata.